Mashua ya Nchi Kavu

Mtu asafiriye kutoka Nairobi kwenda Namanga huuvuka mto wa Athi, kisha huiona Kitengela upande huu na upande huu wa barabara: maduka, vituo vya mafuta, magunia ya saruji, na nyumba za ghorofa zilizosimama mahali ambapo zamani nyumbu walipita makundi kwa makundi, wakitoka katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi kwenda malishoni kusini. Akiendelea mbele kwa mwendo wa saa moja hivi atafika Kajiado. Jina la mji huo latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu. Mgeni aambiwapo maana hiyo hutazama huku na huku akiutafuta mto wenyewe, na aghalabu hauoni ila mfuo wa mchanga mkavu wenye nyayo za mbuzi. Mto upo, lakini huwa mto kwa majuma machache tu katika mwaka. Siku nyingine zote ni njia ya mifugo.

Katika nchi ya namna hiyo ndimo nilimotengenezea mashua. Nasema hivi mapema ili msomaji apate kucheka kwanza, kama walivyocheka majirani zangu, kisha tuendelee pamoja.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Nilikuja Kajiado mwaka 1981 kufundisha, nikidhani nitakaa miaka miwili. Nikaoa huko, nikajenga nyumba Kitengela, nikastaafu mwaka 2018 nikiwa bado najiita mgeni. Watoto wangu husema Kimaasai vizuri kuliko mimi, nao hawajui kuogelea. Bahari nilikuwa nikiiona mara moja kwa mwaka, nikienda kuzuru makaburi, na kila niliporudi bara niliona kwamba sikuacha kitu nyuma ila majina ya vitu: mkuku, fashini, mataruma, foromali. Majina haya sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mwaka 2022 ulikuwa mwaka mbaya. Mvua ilikuwa imekosa msimu baada ya msimu tangu mwisho wa mwaka 2020, na ilipofika mwisho wa mwaka huo hesabu ilikuwa misimu mitano mfululizo. Kando ya barabara ng'ombe walilala wasiamke. Biashara nyingi zilianguka pamoja na mifugo, na mojawapo ilikuwa mkahawa uliokuwa kando ya barabara ya Namanga. Mwenyewe aliufunga, na vyombo vyake vikanadiwa: viti, majiko, mapipa, na nyuma ya jiko, chini ya mgunga, mashua.

Ilikuwa na urefu wa mikono kumi na mitatu kutoka gubeti hata fashini, yaani kama mita 6. Ililetwa kutoka pwani kwa lori ili iwe pambo. Kwanza ilijazwa udongo ikapandwa maua. Maua yalipokufa ikawa meza ya kuuzia vinywaji. Mwisho kuku walilala ndani yake. Mtu aliyekuwa akishindana nami kwa bei alikuwa mchoma nyama, na nia yake aliitangaza wazi mbele ya watu: mbao za zamani huwaka bila ya moshi. Nikaongeza bei. Akaongeza. Nikaongeza tena kwa hasira, nikaipata kwa shilingi 14,000, fedha ambazo mke wangu alikuwa ameziweka kwa ajili ya tangi la maji. Katika mwaka wa kiu nilinunua chombo cha majini kwa fedha ya maji. Maneno aliyoniambia jioni ile yalikuwa ya haki, nami sitayaandika.

Ni wajibu wangu kueleza kwa nini niliongeza bei.

Baba yangu alikuwa nahodha wa mashua yake mwenyewe. Haikuwa chombo kikubwa. Ilichukua chokaa, mawe ya kujengea, na boriti za mikoko, na katika miezi ya kaskazi ilishuka hata Malindi. Mwaka 1973 nilipata nafasi katika shule ya sekondari ya bweni Mombasa. Karo ililipwa mara moja bila ya kubakisha deni, wala mimi sikuuliza ilitoka wapi. Mtoto aliyefaulu mtihani hudhani kuwa dunia nzima imefaulu pamoja naye. Niliporudi likizo ya kwanza nilikwenda pwani kuitazama mashua, nisiione. Nikaambiwa iko safarini. Likizo ya pili nikaambiwa maneno yale yale. Likizo ya tatu nilimwona baba yangu gatini, mtu wa makamo aliyezoea kuketi penye usukani, akichukua boriti begani na kuzipakia katika chombo cha mtu mwingine. Nikamwamkia. Akaitikia, akatua boriti, akaniuliza habari za masomo ya hesabu. Jambo hilo hatukulitaja siku ile, wala siku yo yote nyingine, mpaka alipofariki mwaka 1996.

Wapenzi wa hadithi hunihimiza niseme kwamba mashua niliyoikuta Kitengela ilikuwa ile ya baba. Haikuwa. Ya baba ilikuwa kubwa zaidi, tena gubeti lake lilisimama wima. Lakini nilipomsikia mchoma nyama akisifu mbao kwa jinsi zinavyowaka, mkono wangu uliinuka wenyewe.

Basi ikaletwa nyumbani juu ya mkokoteni uliokokotwa na trekta, na watoto wa mtaa wakaifuata kama arusi. Tangu siku ile jina langu likawa Nuhu. Mzee mmoja Mmaasai, jirani yangu, ambaye watoto wake wote walipita mikononi mwangu shuleni, alikuja na fimbo yake akaizunguka mashua mara mbili bila ya kusema neno. Mbao za ubavuni zilikuwa zimeachana, na mataruma, yaani ile miti iliyopinda ishikayo mbao kwa ndani, yalionekana nje. Kisha akasema, “Mwalimu, hii imekufa kwa ukame kama ng'ombe wangu. Tazama mbavu.”

Nikamwambia, “Mzee, hii inaweza kufufuka.”

Akanitazama kwa huruma, akaenda zake.

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Mti wa mashua, maadamu u baharini, hunywa maji ukavimba, na ubao husukumana na ubao mwenziwe hata maji yenyewe yakakosa njia. Chombo kilichozoea maji hujiziba. Lakini ukikichukua ukakiweka juu ya uwanda ulioinuka mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, penye jua kali mchana na upepo mkavu usiku, mti hutoa maji yake yote, hujikunja, na mahali palipokuwa na ufa wa unywele hupita kidole. Mimi nilijua hayo kwa kusikia tu. Kwa hiyo nilifanya kosa la mtu ajuaye kwa kusikia: nilimwita seremala.

Seremala yule alikuwa mtu hodari wa vitanda na milango, na kosa halikuwa lake. Nilimwonyesha nyufa, naye akaziziba kama azibavyo nyufa za mlango, kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, akapiga msasa hata ubavu ukang'aa. Mbao mbili zilizooza alizitoa akatia nyingine, mbao laini za kujengea mapaa. Nilifurahi mno. Nilipiga picha, nikampelekea mtoto wa shangazi yangu aliyeko Kilifi. Jibu lake lilikuwa fupi: “Usiendelee. Nakuletea mtu.”

Mtu huyo alikuwa fundi mzee kutoka Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachojulikana pwani nzima kwa uundaji wa vyombo. Alikuwa amehamia Kilifi kwa wanawe. Alikuja kwa treni, akashuka Athi River mwezi wa Agosti mwaka 2023, baridi ya Kitengela ikampokea, akavaa makoti mawili na kilemba. Katika mfuko wake wa gunia mlikuwa na tezo, keekee, nyundo, na chembeu tatu za kukalafatia. Hapakuwa na kipimo cho chote wala karatasi. Aliniamkia, akaomba kahawa, akanywa, kisha akaanza kuigongagonga mashua kwa kichwa cha nyundo, ubao kwa ubao, sikio lake karibu. Mti mzima hulia. Mti uliooza hunyamaza. Alipofika penye mbao za seremala wangu hakusema kitu, bali alinitazama kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi aliyenakili jibu kwa jirani.

Nilimwuliza kuna ubaya gani. Akasema, “Mwalimu, mashua ikinywa maji itavimba. Gundi haivimbi wala haifinyiki. Sasa ubao utakwenda wapi? Utang'oa misumari.” Ndipo nikafahamu sababu ya pamba. Pamba isokotwayo ikalowekwa mafuta na kushindiliwa kwa chembeu katika nyufa ni kitu kinachokubali: ubao ukivimba, pamba hujibana, ubao ukisinyaa, pamba hubaki. Hata msumari, kabla ya kupigwa, huviringishiwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa chake, maana kutu ikianzia hapo hula mti kwa ndani, na mwenye chombo haoni mpaka ubao unapomwachia mkononi.

Siku nane zilipita tukiondoa kazi ya miezi mitatu.

Fundi yule hakuwa mtu wa maneno mengi mchana, lakini jioni alikaa barazani akazungumza, na mimi nikajua mambo ambayo ningaliyajua nikiwa na umri wa miaka kumi na mitano kama nisingalikwenda shule. Alinieleza jinsi mataruma yanavyotafutwa. Mti haupindwi, hutafutwa tawi lililopinda lenyewe kwa kadiri ya ubavu, na fundi akipita msituni huona vyombo juu ya miti. Alinieleza kwamba muundaji wa Lamu hachori. Mbao za chini hutangulia, mataruma hufuata umbo la mbao, na umbo la mbao liko katika jicho la fundi. Nilipomwuliza jicho lake lilifundishwa na nani, alisema, “Na kofi la baba yangu.”

Alipenda sana kusimulia habari za mtepe. Chombo hicho hakikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mraba, limesukwa kwa miyaa kama mkeka. Mitepe ilitoweka baharini katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na sasa yaonekana kwa mifano tu, kama iliyoko katika jumba la makumbusho la Lamu. Nami nikamlipa kwa habari moja niliyoipata vitabuni: kwamba baharia Myunani aliyeandika juu ya pwani hii katika karne ya kwanza baada ya Kristo alitaja vyombo vya kushonwa, na bandari iliyoitwa Rapta ilipata jina lake kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kushona. Fundi alifikiri kidogo, akasema ni vizuri kwamba Wayunani walikuwa wameona kazi njema.

Vile vile alikuwa na maoni juu ya jahazi lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki, likazinduliwa mwaka 2018 likiwa limevikwa vipande vya makubadhi yaliyookotwa ufuoni, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri hata Unguja. Nilidhani atalidharau. La, alisema plastiki ilichongwa kwa tezo ile ile na jicho lile lile, na mtu asiyejua kuunda kwa mti hawezi kuunda kwa plastiki. Kilichomhuzunisha ni kwamba vijana walikwenda kulipiga picha kuliko walivyokwenda kujifunza.

Taabu yetu kubwa ilikuwa miti. Mataruma mawili yalikuwa yameoza, na tangu Februari mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko ilikuwa haipatikani kirahisi hata pwani, sembuse Kitengela. Fundi alizunguka siku mbili akitazama migunga, akaikataa yote. Alisema wadudu wataila kabla ya samaki kuiona. Hapo ndipo jirani yangu mzee alipojitokeza tena. Alikuwa amekuja kila asubuhi kusimama na kutazama, akiegemea fimbo kwa mguu mmoja, na mimi nilidhani anacheka moyoni. Siku ya tatu alileta tawi kavu juu ya punda. Lilikuwa la mzeituni wa mwitu, mti ambao Wamaasai huuita oloirien, na ambao vijinga vyake hutumiwa kusafishia vibuyu vya maziwa. Liliangushwa na upepo zamani karibu na boma la nduguye. Lilikuwa limepinda. Fundi alilipiga tezo, tezo ikaruka. Akapiga tena, akanusa vumbi lake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke katika treni. Akaliweka ubavuni mwa mashua. Halikuhitaji kuchongwa ila kidogo.

Baada ya hapo wazee wale wawili walikuwa marafiki, ijapokuwa Kiswahili cha mmoja kilikuwa kidogo na Kimaasai cha mwingine hakikuwapo kabisa.

Mwezi wa Oktoba fundi alirudi Kilifi. Mbao tatu za chini zilikuwa zimetolewa, na alisema lazima zitiwe mbao za mbambakofi zilizokaushwa kivulini, ambazo angezitafuta mwenyewe. Aliniusia maneno mawili: mashua ifunikwe kwa majani na magunia yaliyolowa, na nisipake rangi. Mbao zilifika Desemba. Mwezi wa Januari mwaka 2024 akaniletea habari kwamba nafasi anayo, nimpelekee nauli aje.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupapita haraka. Sikumpelekea nauli. Fedha nilikuwa nazo. Lakini nilikuwa nimeanza kuchonga gubeti, na kazi ile ilinilevya. Nilitaka fundi akija alikute limekwisha, anisifu. Nilichonga nyota na mwezi, nikafuta, nikachonga tena. Nikafanya macho mawili ya duara, kama yale yawekwayo na watu wa Lamu pande mbili za omo ili chombo kione njia yake, nikayapaka nyeupe na nyeusi na nyekundu, baada ya kukatazwa rangi. Miezi mitatu ilipita. Mashua yangu ilikuwa na macho mazuri, nayo haikuwa na chini.

Mwishoni mwa Aprili mvua ilikuja. Nchi iliyolia kwa ukame miaka miwili nyuma sasa ilifunikwa. Mto wa Athi ulipanda juu ya kingo zake, na watu wa mitaa ya mabondeni, Athi River na Kitengela, walizingirwa ndani ya nyumba zao usiku. Saa nane za usiku nilisikia lango langu likigongwa. Walikuwa vijana wanne wa mtaa, wale wale walioniita Nuhu, wamelowa mpaka vifuani. Mmoja alisema, “Mwalimu, tunaomba mashua. Kuna mama yuko juu ya paa na wajukuu.”

Hawakuwa wakicheka. Walikuwa wameitazama mashua ile kwa mwaka mmoja na nusu. Waliona gubeti, waliona macho, waliona mlingoti umelala kando umepakwa mafuta. Kwa nini wasidhani kwamba ni mashua? Niliwachukua uani, nikafunua magunia, nikamulika taa. Mwanga ulipita kati ya mataruma ukafika chini.

Hapana aliyesema neno la kunilaumu. Mmoja alishika ukingo wa mashua, akauachia. Nikawapa kamba nilizokuwa nimenunua kwa ajili ya tanga, pima thelathini na zaidi, na foromali, nikaenda nao. Kamba zilisaidia watu wa nyumba tatu kuvuka barabara iliyogeuka mto. Mama yule na wajukuu wake walikaa juu ya paa hata kulipokucha, mvua ikiwapiga, ndipo waokoaji walipowafikia kwa mashua ya mpira. Mtoto mdogo alikuwa amepoa mwili hata hawezi kulia. Alipona.

Fundi aliponisikiliza baadaye alisema, kwa kunituliza, kwamba hata kama mbao zingalikuwamo, chombo kilichokaa nchi kavu miaka yote ile kingalijaa maji kabla ya kufika kwa yule mama, na mkondo ungalikivunja. Hapana shaka alisema kweli. Maneno yake niliyapokea, lakini nauli ile sijaacha kuihesabu.

Juni alikuja, na safari hii sikumwonyesha gubeti. Aliliona mwenyewe. Akasema, “Umechonga vizuri,” akaenda kutia mbao za chini.

Kazi iliyobaki ilikwenda kama kazi njema zinavyokwenda, nayo haina mengi ya kusimuliwa: keekee ikalia, misumari ikavikwa pamba, nyufa zikakalafatiwa kutoka omo hata tezi kwa mlio wa nyundo ambao mtaa mzima uliuzoea. Vijana wanne wale walikuja bila ya kuitwa wakasokota pamba. Mwisho palihitajiwa deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta upakwao chini ya chombo ili kuzuia wadudu watoboao mbao baharini. Pwani mafuta hayo hupatikana kwa namna nyingi. Kitengela jirani yangu alichinja kondoo wawili, mkia wa kila mmoja mzito kama mtoto mchanga, tukayeyusha mafuta katika sufuria uani, tukatia chokaa, tukapaka kwa mikono. Harufu yake ilikaa mtaani siku kumi. Mzee aliipaka kwa uangalifu mkubwa, akifuata mbao kwa kiganja, kama ampakavyo ndama dawa. Nilipotaka kumlipa bei ya kondoo alisema kwamba hakuniuzia. Alikuwa na sharti moja tu, kwamba siku mashua itakapokwenda majini naye aende, maana alikuwa na umri wa miaka sabini hajaiona bahari.

Januari mwaka 2025, upepo wa kaskazi ukivuma, tuliipakia katika lori. Mke wangu alisimama langoni akasema kwamba sasa patakuwa na nafasi ya tangi. Mjukuu wa fundi alikuwa amekubali kuichukua mashua kwa uvuvi, faida tugawane. Na tangi, kwa hakika, lilikuwa limekwisha kununuliwa kwa pensheni yangu, nami nasema hivyo ili nisionekane mbaya zaidi kuliko nilivyo.

Katika hori ya Kilifi tuliitelemsha majini kwa magogo, watu kumi na wawili wakivuta. Mara ilipogusa maji yalianza kuingia kila mahali, vijito vyembamba visivyo na idadi. Vijana wa pwani walipiga kelele. Fundi akasema iachwe. Tuliifunga kwa nanga penye maji haba ikajaa hata ukingoni, ikalala imezama, na macho yake mawili yakatazama juu. Mzee alidhani imekufa tena, akanishika mkono. Usiku ule sikulala. Asubuhi tuliikumba maji kwa upo. Yakarudi, lakini polepole. Tukaiacha tena. Siku ya tatu fundi aliingia, akaketi juu ya taruma la mzeituni, akapitisha kiganja chini ya miguu yake, akakiinua kututazamisha. Kilikuwa na unyevu tu.

Alasiri tulitweka tanga. Fundi alishika kamba, mjukuu wake akakaa omo, mzee akakaa katikati na upo mkononi, maana alikuwa ameambiwa kazi ya kukumba maji ni yake hata kama maji hayapo. Alichovya kidole baharini akaonja. “Magadi,” akasema, akatema mate, akicheka. Kisha akauliza chombo kama hiki huchukua mbuzi wangapi.

Fundi akaniashiria tezi, penye usukani. Nikaketi. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na saba, mwana wa nahodha, na mkono wangu haujashika usukani. Upepo ulikuja, nikaukaza mti kwa nguvu zangu zote. Mashua ikageuka ikaelekea upepo, tanga likapigapiga, foromali ikalia.

“Mwalimu,” fundi akasema bila ya kugeuka, “mlegezee kidogo. Anajua.”

Nikalegeza mkono. Tanga likajaa. Mbele yetu palikuwa na daraja la Kilifi, na magari yakipita juu yake kwenda Malindi.